Mfarishi Uliolala Sandukuni: Namna ya Kumaliza Kazi ya Viraka na Kutumia Vipande vya Kanga na Vitenge

Mwezi wa sita, upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini hapa Mikindani, nilifungua sanduku la bati nikitafuta shuka zito la kujifunika. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa salfeti, nikakuta kazi niliyoianza mwaka 2015: miraba 31 ya kanga na vitenge iliyoshonwa tayari, pamoja na rundo la vipande ambavyo mkasi haukuwahi kuvigusa tena. Nilikusudia kumshonea binti yangu mfarishi wa kitanda cha nne kwa sita aende nao shule ya bweni Newala, maana baridi ya kule mlimani mwezi wa saba inaingia hadi kwenye mifupa. Binti alikwenda, akasoma, akamaliza, akarudi. Mfarishi ulibaki sandukuni.

Kwa asiyelizoea neno, mfarishi ni lile tandiko la tabaka tatu: uso wa viraka vilivyounganishwa, tumbo la kuleta joto, na mgongo wa kitambaa kizima, vyote vikashikanishwa kwa mshono unaopita juu hadi chini. Wengi siku hizi wanaliita blanketi la viraka. Jina lolote sawa.

Wangu niliumaliza kwa wiki tano, jioni baada ya kazi za nyumbani. Nilipokaa kujiuliza kwa nini ulikwama miaka yote ile, niliona si uvivu wala si vitambaa. Kilichonikwamisha ni hesabu ya mwanzo. Nilipanga miraba 54, nikawa nayo 31, nikawa nangoja siku nitakayopata nafasi ya kushona 23 iliyobaki. Siku hiyo haiji. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na ulichonacho mkononi leo, halafu ukubwa wa mfarishi unafuata.

Hatua ya kwanza: toa kila kitu nje, kisha kagua

Chagua asubuhi ya upepo, tundika vipande kwenye kamba kivulini. Jua la saa sita huku kwetu linapausha kanga. Kung'uta kila kipande kabla ya kukitundika, kwa sababu humo ndani mna mchanga, mayai ya kombamwiko na, kama mimi, sindano zilizosahaulika. Hewa ya chumvi ya pwani haisamehe chuma. Sindano moja niliyoiacha imechomekwa kwenye kitenge cha njano ilikuwa imeoza ikaacha doa la kahawia lenye ukubwa wa punje ya mtama. Doa la kutu jaribu kwa limau na chumvi: kamulia, nyunyizia, anika juani saa moja, suuza. Lakini anza na kipande cha pembeni usichokihitaji, maana limau huondoka na rangi pia. Langu lilififia bila kutoka, nikalifunika kwa kiraka kidogo cha duara, na leo ndicho kiraka ambacho watoto wanakishika kwanza.

Harufu ya uvundo na madoa meusi ya ukungu ni kawaida kwa kitu kilichofungiwa wakati wa masika. Piga brashi kavu ukiwa nje, kisha fua kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, na usikunje mpaka kikauke kabisa hadi kwenye mishono.

Sasa jaribu nguvu ya kitambaa. Kishike kwa vidole gumba viwili vikiwa karibu karibu, vuta taratibu. Kitambaa kizima kinakaza na kurudi. Kilichochoka kinaachia nyuzi, na ukikiinua kuelekea dirishani unaona mwanga unapita kama kwenye chekecheke. Kitambaa cha namna hiyo usikipe nafasi usoni hata kama unakipenda. Kama ni kumbukumbu ya mtu, kishone juu ya kipande cha shuka imara ili kibebwe.

Jaribu na uzi. Ukikatika kwa kuvuta kidogo kwa mkono, weka pembeni, wala usiuonee huruma. Mfarishi wa miezi mingi ulioshonwa kwa uzi uliooza utafumuka kwenye kufua mara ya pili. Mishono ya zamani ivute pia. Ukiona nafasi kati ya tundu na tundu, pita tena juu yake.

Kuchuja ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote hapa. Mwaka ule wa 2015 nilichanganya kanga nyekundu ambayo haijafuliwa na vipande vyeupe vya shuka. Nilipolowanisha mraba mmoja ili kuunyoosha, weupe wote ukawa wa waridi. Kwa hiyo: lowanisha kona ya kila kitambaa chenye rangi kali, ibane ndani ya kitambaa cheupe, weka kitu kizito juu kwa nusu saa. Cheupe kikipata rangi, fua na suuza hicho kitambaa peke yake, rudia mpaka maji yatoke safi. Watu watakuambia utie chumvi au siki ili kukaza rangi. Kwa kanga za kiwandani za siku hizi usitegemee hilo. Kinachosaidia ni maji mengi. Kama baada ya mara tano bado kinachuja, kipeleke kwenye kazi nyingine.

Hatua ya pili: pima, kisha punguza

Hesabu miraba uliyonayo. Yangu ilikuwa ya inchi 8 baada ya kushonwa, yaani ilikatwa inchi 8 na nusu kwa sababu kila upande unapoteza robo inchi kwenye mshono. Kitanda cha nne kwa sita ni inchi 48 kwa 72. Miraba 31, ukiacha mmoja, ni mistari 6 ya miraba 5: inchi 40 kwa 48. Hiyo ni ya kumfunika mtoto mchanga.

Kuna njia ya kuikuza bila kushona mraba hata mmoja zaidi. Weka barabara kati ya miraba, yaani vipande virefu vya kitambaa cha rangi moja, vyenye upana wa inchi 2 baada ya kushonwa. Barabara 6 za wima zinaongeza inchi 12, za mlalo 7 zinaongeza 14. Sasa una inchi 52 kwa 62. Ongeza pindo la inchi 5 kichwani na inchi 5 miguuni, unafika 52 kwa 72. Kitanda kimefunikwa, na inchi mbili zinaning'inia kila upande. Hesabu hii niliifanya nyuma ya daftari la mtoto kwa dakika kumi, baada ya miaka yote ile ya kungoja.

Fanya hivyo hivyo na ya kwako. Ukipata jibu dogo, usijilazimishe: mfarishi wa mtoto, tandiko la kochi, foronya mbili kubwa, hata kitambaa cha meza ni kazi iliyokamilika. Na kama una kazi tatu zilizolala, shika ile iliyobakiza hatua chache, siyo ile unayoipenda zaidi. Ukishaitandika kitandani, mkono unapata moyo wa kushika ya pili.

Kitu kimoja kuhusu majira. Usianze mwezi wa kumi kama nyumba yenu ina mikorosho. Kuokota, kuanika na kukimbizana na mnada hakuachi jioni ya mtu. Na kama unabangua korosho, hata za kula nyumbani, siku hiyo usishike kitambaa kabisa. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na doa lake kwenye kitambaa halitoki.

Hatua ya tatu: panga vipande kwa ukubwa

Wengi wanapanga kwa rangi. Inapendeza machoni, lakini unapotaka kukata kitu cha inchi 8 utafukua marundo yote. Panga mafungu manne: vinavyozidi kiganja na vidole vilivyonyooshwa, vinavyotosha mraba wa inchi 5, vipande vyembamba virefu, na makombo.

Vitambaa vya kuongezea havina haja ya kununuliwa. Pita kwa fundi yeyote wa barazani, iwe Mtwara mjini au Lindi, jioni anapofagia. Mwambie, "Fundi, shikamoo, naomba hayo mabaki ya vitenge," naye atakujazia mfuko. Ukishafika nyumbani tenga pamba na vitambaa vya plastiki. Chomoa nyuzi mbili tatu, ziwashe kwa kiberiti juu ya sahani: pamba inawaka, inanuka kama karatasi na kuacha majivu laini, ya plastiki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Hizi za pili zitayeyuka chini ya pasi na zinavutana vibaya na pamba. Usizichanganye.

Kanga ina mji, pindo na jina. Usikate jina katikati. Nasema hivi kwa uchungu, maana kanga ya marehemu mama iliyoandikwa WEMA HAUOZI niliipitisha mkasi bila kuangalia. Mraba mmoja wa mfarishi wangu una neno HAUOZI peke yake, na kipande chenye WEMA sikukiona tena hata nilipomwaga mfuko wote sakafuni. Jina zima la kanga ni pambo tayari: likate kwa upana wake, lifanye barabara ya katikati au pindo la kichwani.

Hatua ya nne: vipande vyembamba viwe miraba

Hapa ndipo mabaki yanapoliwa kwa wingi. Chukua shuka kuukuu lakini imara, likate miraba ya inchi 8 na nusu. Weka kipande kimoja chembamba kutoka pembe hadi pembe, uso juu. Weka cha pili juu yake, uso kwa uso, kingo za upande mmoja zikilingana. Shona robo inchi kutoka ukingoni, ukipita vipande vyote viwili pamoja na shuka. Fungua cha pili, kikandamize kwa pasi, ongeza cha tatu. Endelea pande zote mbili mpaka pembe zifunikwe. Geuza, kata yaliyozidi kufuata shuka.

Upana wa vipande usiwe sawa. Cha vidole viwili kando ya cha vidole vinne ndiyo raha yake. Shuka la chini linabaki humo humo, na kwa hali ya hewa ya pwani hilo linatosha kuwa tumbo. Mfarishi wa hivi hauhitaji blanketi ndani, unaufunika mwezi wa saba na huoni joto la kukutoa usingizini. Kwa mtu wa Newala au uwanda wa Makonde kwa jumla, ongeza tumbo.

Robo inchi ya mshono ilinde sana. Bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani, robo inchi kulia kwa sindano, kitambaa kipite kikigusa plasta. Ukizidisha nusu ya robo tu, kila mshono unakula robo inchi nzima kwa pande mbili, na kwenye mstari wa mishono minane umepoteza inchi 2. Baadaye utashangaa kwa nini mistari hailingani. Kuchora, sabuni ya kipande iliyochongwa ukingo ni nzuri kuliko kalamu. Inatoka kwenye kufua.

Hatua ya tano: unganisha uso

Tandaza miraba yote kitandani kabla ya kushona. Iache usiku mmoja, iangalie asubuhi. Vitambaa vya giza vikijikusanya upande mmoja vitakuita vyenyewe. Kisha piga picha kwa simu ili upepo au mtoto akivuruga ujue mpangilio.

Shona mstari kwa mstari. Ukipiga pasi, kila mshono ulale upande mmoja, kuelekea kitambaa cheusi zaidi ili kivuli kisionekane, na kwa mistari inayopakana ilaze pande tofauti, hapo makutano yanafungana bila kifundo kinene. Ukitumia pasi ya mkaa, ifute chini kwa kitambaa chenye maji kila unapoinua. Jivu moja juu ya cheupe linakurudisha kwenye beseni.

Pindo la kichwani na miguuni limenikosesha usingizi, kwa hiyo nieleze vizuri. Ukishona kitambaa kirefu moja kwa moja na kukata kinachozidi mwishoni, pindo litakuwa na mawimbi. Pima upana wa uso katikati, siyo ukingoni, kwa sababu ukingo unavutika. Kata pindo kwa kipimo cha katikati. Bana ncha mbili, bana katikati, kisha gawanya kinachobaki ukibana kwa pini. Ukingo uliovutika utalazimika kurudi kwenye kipimo chake.

Hatua ya sita: tabaka tatu

Mgongo unapaswa kuzidi uso kwa inchi 3 kila upande. Kwa inchi 52 kwa 72, unahitaji 58 kwa 78. Doti moja ya kanga inatosha: kanga ya kawaida ina karibu sentimita 150 kwa 110, na ukiziunganisha mbili kwa ubavu mrefu unapata kama inchi 60 kwa 85. Pima ya kwako kwanza, kanga hazilingani zote.

Tumbo liwe blanketi jembamba la mtumba, shuka zito au kanga kuukuu. Sufi ya mti, ile ya kwenye mito, ni laini na nyepesi lakini inakimbia. Ukiitumia lazima mishono ikaribiane vidole vitatu, la sivyo baada ya mwezi imejikusanya pembeni kama watoto wanaogopa radi.

Fagia sakafu, tandaza mgongo uso chini, ukaze kwa gundi ya karatasi pembeni bila kuunyoosha kupita kiasi. Tumbo juu. Uso juu yake. Papasa kutoka katikati kwenda nje kwa viganja vyote viwili. Kisha piga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya vidole vitatu, mistari ikiachana shibiri moja, ukianzia katikati. Magoti yatauma. Usiruke hatua hii, kwa maana mikunjo yote ya mgongoni huzaliwa hapa.

Hatua ya saba: shikanisha

Mwenye cherehani ya miguu atumie sindano namba 16, alegeze kidogo mgandamizo wa mguu wa cherehani, arefushe mshono. Anza katikati, kunja upande unaoingia chini ya mkono wa cherehani kama mkeka, na mpate mtu wa kubeba uzito upande wa pili. Kupita ndani ya mishono ya barabara kunatosha.

Asiye na cherehani afunge vifundo. Uzi mnene mara mbili, ingia juu, toka chini, rudi juu, funga mara mbili, acha mkia wa inchi moja. Kila pembe ya mraba na kila katikati. Kwa jioni nne mfarishi mzima unakuwa umeshikana.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kuliko zote kwa vipande visivyo na umbo. Kule Karnataka, magharibi ya India, wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika ambao wengi wa mababu zao walivushwa bahari hii hii kama watumwa, wengine kwa mikono ya Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi. Wanachukua sari kuukuu, wanaanza kwenye pembe, wanakunja ukingo wa kiraka kwa ndani na kukishona kwa mkono moja kwa moja juu ya tabaka, wanaongeza kingine kando yake, wanazunguka pembeni mpaka wamerudi walikoanzia, kisha wanaingia ndani duru kwa duru hadi katikati. Viraka na kushikanisha vinakwisha kwa pamoja, hakuna bandi wala cherehani. Pembeni wanaweka viraka vidogo vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita phula, yaani maua, na kwao mfarishi usio na maua hayo haujakamilika. Niliushona mmoja mdogo kwa kanga chakavu badala ya sari, nikiwa nimekaa barazani. Mishono inapishana upana wa kidole. Kwa mtu aliyechoka na hesabu, aanze na huu.

Hatua ya nane: ukingo na jina

Kata vilivyozidi pande zote. Utepe wa ukingo ni kitenge cha upana wa inchi 2 na nusu kilichokunjwa mara mbili kwa urefu. Mzunguko wa 52 kwa 72 ni inchi 248. Ongeza 12 za kona na maungio, 260. Kitenge chenye upana wa inchi 45 kinakupa utepe huo kwa vipande sita, karibu nusu yadi. Unganisha vipande kwa mshono wa mshazari ili unene usijikusanye sehemu moja.

Shona utepe upande wa uso, kingo mbichi zikilingana. Ukifika kona, simama robo inchi kabla ya mwisho, toa sindano, inua utepe kwenda juu uwe na mshazari, urudishe chini juu yake mwenyewe, anza tena kutoka ukingoni. Ukigeuzia mgongoni kona inajikunja yenyewe. Malizia kwa mkono, mishono midogo iliyofichwa.

Mgongoni, kona ya chini kulia, nimeshona kipande cha shuka jeupe. Nimetarizi kwa uzi mwekundu herufi ya kwanza ya jina la binti yangu, mwaka 2015, mwaka nilioumaliza, na neno WEMA, kwa kuwa kile kipande cha kanga hakikupatikana.

Kufua: maji baridi, beseni kubwa, usikamue kwa kusokota. Kandamiza kwa viganja, uanike ukiwa umelala juu ya kamba mbili sambamba, kwani kamba moja inavuta mishono kwa uzito wa maji. Makombo yaliyobaki sakafuni yajaze kwenye mto wa kukalia jikoni. Mto mmoja unakula mfuko mzima.